Mtani Aliyefuliwa

Bibi Mauwa binti Kasele alikuwa amekunywa chai za kila namna katika miaka yake sabini na mitano: chai ya msibani iliyochemshwa hata ikawa nyeusi kama dawa, chai ya wodini isiyo na sukari, na chai ya treni ambayo nusu yake humwagika kabla nusu ya pili haijafika mdomoni. Zote hizo alikuwa tayari kuzisamehe. Chai ambayo hakuweza kuisamehe ni ile aliyopewa kila Jumamosi saa tisa alasiri katika ukumbi wa ofisi ya kata, Mbagala: maji ya moto ndani ya kikombe cha udongo, na ndani ya maji hayo kijifuko kilichofungwa uzi, kikining'inia kama jino la mtoto linalosubiri kung'olewa.

"Hii ni chai ya kukumbukia, bibi," Edgar alimwambia siku ya kwanza.

"Inakumbusha nini?"

"Asili yetu."

Bibi Mauwa aliuvuta uzi, akakiinua kijifuko, akakitazama kikidondosha matone ya rangi ya kutu. "Asili yenu ni nyepesi," alisema.

Edgar alicheka kwa adabu, maana alikuwa amefundishwa kuwachekea wazee. Alikuwa mratibu wa mradi ulioitwa Chai, Gumzo na Kalamu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko sentensi zake. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Wazee wa mtaa wangealikwa, wangekunywa chai na kuzungumza juu ya walikotoka; vijana wa chuo kikuu wangesikiliza na kuandika; na mwishoni kingetoka kitabu. Bibi Mauwa alipenda chai, alipenda mazungumzo, na vitabu alivipenda tangu aliposoma darasa la kisomo cha watu wazima, mwanawe akiwa mgongoni na chaki ikiwa mkononi. Alichokidharau ni namna mambo matatu mazuri yalivyoweza kutiwa katika chungu kimoja yakatoka hayana ladha.

Siku hiyo ya kwanza waligawiwa vipande vya karatasi za rangi. Kila mzee aandike neno moja lililobeba urithi wake. Wazee walikuwa kumi na watatu. Saba waliandika "amani". Wanne waliandika "upendo". Bibi Mauwa aliandika "tangawizi", kwa sababu ndicho kitu kilichokosekana pale. Wa kumi na tatu, Mzee Mwishehe Pazi, hakujua kuandika; alichora duara kubwa, akalibandika ukutani yeye mwenyewe.

"Hilo ni jua, mzee?" Edgar aliuliza.

"Ni tumbo la huyu Mnyamwezi," Mwishehe alijibu, akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha Bibi Mauwa, akanywa nusu, akakirudisha mahali pake.

"Kunywa tu," alisema Bibi Mauwa. "Mzaramo hakuwahi kushiba chake."

Edgar alinyanyua viganja vyote viwili kama anayesimamisha magari. Aliwaomba wazee wake wazungumze kwa staha, akasema ukumbi huo ni mahali salama.

"Salama kwa nani?" Mwishehe aliuliza. "Mie huyu nisipomtukana, ataumwa."

Wazee wengine waliendelea kutafuna maandazi, kwani hawakuona jambo la kushangaza. Mwishehe alikuwa Mzaramo wa hapo hapo Mbagala, fundi wa kuchimba visima. Bibi Mauwa alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa na reli kutoka Tabora pamoja na mumewe. Na tangu enzi za misafara ya wapagazi, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Watani hutukanana bila kukasirikiana, hunyang'anyana bila kushtakiana, na siku mmoja anapokufa ndipo kazi hasa ya mwenzake inapoanza. Edgar naye alilijua hilo. Alisema utani ni urithi mzuri sana, na ndiyo maana umetengewa kipengele chake katika wiki ya nne.

Wiki ya nne ilipofika, viti viwili viliwekwa katikati ya ukumbi, simu ikaegeshwa kwenye kijiti chake ili kurekodi, na watani wakaombwa waanze. Bibi Mauwa na Mwishehe waliketi wakatazamana. Akapita paka. Wakamtazama paka. Mwishehe aliuliza kama maandazi ya siku hiyo yamekwisha. Kipengele kikafungwa kwa makofi, na watu walipokuwa wakisimama kuondoka, Mwishehe akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu alipofika hapa hakuijua nazi."

"Wacha uzushi wako," alisema Bibi Mauwa, akakaa tena.

"Mimi na marehemu mama yangu ni mashahidi. Alipewa nazi mbili, akazitia chunguni na vifuu vyake, akazichemsha. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili anachochea kuni. Siku ya tatu ndipo akaja kwa mama kuuliza, eti hii mbegu yenu huiva lini?"

"Nilikuwa namchemshia huyu. Nilisikia Mzaramo akiona chungu jikoni hulala hapo hapo mpaka kiive, nikasema nipate mlinzi wa bure." Aliwageukia wenzake. "Mnamwona fundi visima huyu? Cha kwangu alikichimba vizuri, hatua kumi na nane, akasahau kitu kimoja tu. Ngazi aliiacha juu. Alikaa humo mpaka alasiri akiimba ngoma za kwao, na majirani wakamwita shehe wakidhani kisima kina jini."

"Shehe alikuja?" mzee mmoja aliuliza.

"Alikuja. Akachungulia, akasema afadhali angekuwa jini."

Edgar alikuwa tayari anakunja kijiti cha simu yake. Mtu pekee aliyekuwa akiandika ni Nusaiba, msichana wa mwaka wa tatu aliyekuja kutoka hosteli za Mabibo na daftari kubwa lenye jalada gumu. Alikuwa na uso wa mtu anayeamini kwamba dunia ni mgonjwa na kwamba dawa yake ni kalamu. Bibi Mauwa, aliyekuwa amewadharau waandishi wengine wote kabla hawajavua kofia za kalamu zao, alimwachia huyu nafasi ndogo, kwa sababu aliandika kila kitu; hata vikohozi aliviandika. Kwa hiyo, wakati wengine wakitoka, alimsimulia na habari ya kaburi.

Mumewe alifariki mwaka themanini na tatu. Yeye alikuwa ndani, amefunikwa kanga, hali wala hasemi kwa siku ya pili, na wanawake wakinong'ona kwamba huyu naye atafuata. Ndipo akaja mtu mbio kutoka makaburini kuarifu kwamba maziko yamekwama, maana kaburi lina mtu. Mwishehe alikuwa ameingia mwanandani, amejilaza chali na mikono kifuani, na anasema pamoto vizuri, hatoki mpaka aletewe jogoo. Wazee walimbembeleza, imamu alimkemea, yeye akajifunika uso kwa kofia yake. Ikabidi mtoto wa marehemu, Abdulrahman, aliyekuwa na miaka tisa, atumwe nyumbani kumkamata jogoo, akamkimbiza uani mzima huku analia. "Nikiwa chini ya kanga," alisema Bibi Mauwa, "nikasikia jogoo anapiga kelele, mtoto anaanguka, na jirani anasema, yule Mzaramo sasa anadai na mto. Nikacheka. Nilicheka mpaka wakanishika. Halafu ndipo nikaomba uji."

Nusaiba alikuwa ameacha kuandika. Bibi Mauwa akamgusa daftari kwa kidole. "Andika. Usinitazame."

*

Abdulrahman, aliyekimbiza jogoo, sasa alikuwa mtu wa miaka hamsini na moja, fundi mkuu wa mitambo katika kituo cha umeme wa gesi Kinyerezi, mwenye gari jeupe na sauti ya chini. Alimpenda mama yake kama watu wenye nafasi wanavyopenda vyombo vya kale: kwa kuvifuta vumbi na kuviweka mbali na ukingo. Daktari aliposema moyo wa mama umetanuka na kwamba watoto wajiandae, alijiandaa kweli. Alikuja Jumapili na matunda, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mama, Mungu akuweke. Lakini siku ikifika, nisingependa vituko."

"Vituko gani?"

"Vya watani. Nilihudhuria msiba mmoja, mtani akavaa gauni la marehemu, akawa anatembea kama yeye mbele ya watu wazima. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Ingepasuka, wangepumzika wachimbaji."

Abdulrahman hakucheka. Alisema watu wa kazini kwake watakuja, kwamba mambo yatakwenda kwa heshima na utulivu, na kwamba ameshamwambia imamu. Bibi Mauwa alimtazama mwanawe huyu aliyeosheka vizuri na kunyooka vizuri, akaona kwamba anakusudia kumzika kama mtu anavyofunga faili.

Jambo hilo lilimkaa moyoni, katika moyo ule ule uliotanuka. Ndugu zake wa Tabora walikuwa wamekwisha. Wazaramo wa rika lake waliojua kazi ya utani walikuwa wamekwisha nao, na wajukuu wao walijua kutukana tu, jambo ambalo ni robo ya kazi. Alibaki Mwishehe. Yeye Mauwa akifa bila huyo kufanya vituko vyake, binti zake wangekaa chini ya kanga pasipo mtu wa kuwatoa.

Alikwenda kwa mguu mpaka barazani kwa Mwishehe, akipumzika mara mbili njiani.

"Wewe Mzaramo, nikitangulia utafanya nini?"

"Nitashukuru."

"Abdulrahman atakuzuia."

Mwishehe alikuwa akisuka ukili. Hakuinua macho. "Mtani hazuiwi. Nitalala humo humo. Tena kwa upana wako watachimba la kutosha wawili, sitabanwa."

"Una mgongo mbovu. Utaweza kuteremka?"

"Safari hii nitakumbuka ngazi."

Akarudi nyumbani ameridhika, bila kumshukuru, maana kumshukuru kungeharibu kila kitu.

*

Kitabu kilitoka mwezi wa nane. Nusaiba alimletea nakala nyumbani siku mbili kabla ya uzinduzi, akaipokeza kwa mikono miwili, akasema shikamoo mara ya pili kwa furaha, akaondoka kuwapelekea wengine. Jalada lilikuwa na picha ya kikombe cha udongo. Bibi Mauwa alivaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa kisomoni, akafungua ukurasa wa kumi na moja, palipoandikwa: *Bibi Mauwa Kasele, Nguzo ya Jamii. Kama alivyosimuliwa na Mzee Mwishehe Pazi.*

*Ninamfahamu Bibi Mauwa kama mama mpole, mcheshi na mwenye hekima. Alipowasili Mbagala aliupokea utamaduni wa pwani kwa moyo mkunjufu, ukiwemo upishi wa nazi. Katika huzuni alikuwa imara, na katika furaha alikuwa mnyenyekevu. Ninamheshimu sana, na ninamtakia kila la heri.*

Alisoma mara moja akidhani ni utangulizi. Alisoma mara ya pili akitafuta tusi. Mara ya tatu kidole kilisimama kwenye "ninamheshimu sana", kikakaa hapo.

Mtu asiyekuwa na mtani anaweza kuyaona maneno hayo ni mazuri. Lakini Bibi Mauwa alikumbuka msiba wa mzee mmoja wa Mtoni, ambaye mtani wake alikuja amevaa kanzu safi, akashika mikono ya wafiwa mmoja mmoja, akasema poleni, akaketi. Watu wote walitazama chini. Walijua kwamba wawili wale walikuwa wamegombana ugomvi usiosuluhishika; maana mtani hana namna nyingine ya kukutupa isipokuwa kukuheshimu. Heshima ni ya wageni. Mtani akikusifu, amekutua njiani kama mzigo, akaendelea na safari.

Alipokuwa bado anautazama ukurasa, Abdulrahman alipiga simu. Naye alikuwa ametumiwa kitabu.

"Mama, nimesoma ulivyoelezwa na Mzee Mwishehe. Kwa kweli nimefurahi. Naona hata yeye sasa amekuwa mtu mzima."

Amekuwa mtu mzima. Bibi Mauwa aliweka simu mezani na hesabu ikamjia yenyewe. Mwanawe amekwenda barazani kwa Mwishehe na sauti yake ya chini. Ameongea habari ya imamu na watu wa kazini. Na yule Mzaramo, mwenye mgongo mbovu na miaka sabini na minane, amechoka, amekubali. Hakwenda kumuuliza. Kama mtu amekutua, huendi kumwuliza kwa nini hakubebi.

*

Siku ya uzinduzi viti vya plastiki vilivishwa vitambaa vyeupe vyenye tai ya dhahabu mgongoni, kana kwamba ofisi ya kata inaolewa. Boksi la vitabu liliwekwa mbele, juu ya mkeka, limefungwa utepe ambao mgeni rasmi angeukata. Mgeni rasmi alichelewa saa moja na dakika kumi, akaingia akiwapungia mikono watu waliochoka. Edgar alitangaza kwamba leo wazee wetu wamepewa sauti. Bibi Mauwa, ambaye sauti alikuwa nayo tangu Tabora, aliangalia kijifuko cha chai kikizama kikombeni mwake.

Abdulrahman alikuwa mstari wa pili, ndani ya suti. Mwishehe aliingia mwisho na kanzu yake ya Ijumaa, akaja moja kwa moja mpaka kwa Bibi Mauwa, akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Bibi Mauwa alikifunika kikombe kwa kiganja.

"Karibu, Bwana Mwishehe," alisema. "Habari za nyumbani? Jamani, mleteeni mzee chai yake."

Mkono wa Mwishehe ulibaki hewani. Alimtazama usoni, akatazama kile kiganja juu ya kikombe, kisha akaketi kiti cha tatu kutoka hapo, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya mauti. Alipoletewa chai yake hakuigusa.

Bibi Mauwa aliitwa kusema machache kwa niaba ya wazee. Alisimama, akashika kipaza sauti, na kwa sauti nyororo ambayo majirani zake hawakuwahi kuisikia alimshukuru mgeni rasmi, akamshukuru mratibu, akawashukuru vijana. "Kwa namna ya pekee," alisema, "namshukuru Bwana Mwishehe Pazi kwa maneno yake ya heshima. Ni jirani mwema. Namtakia na yeye kila la heri."

Makofi yalipigwa. Edgar aliyapiga kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimlengalenga, maana aliamini kwamba mradi wake ulikuwa umewastaarabisha watu wawili mbele ya mgeni rasmi. Wazee kumi na mmoja hawakupiga. Walitazama chini.

Mwishehe alisimama.

"Mauwa," alisema. Kwa miaka hamsini na zaidi hakuwahi kumwita kwa jina. "Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Umenisifu."

"Mie?"

"Kitabuni. Ukurasa wa kumi na moja."

"Unajua mie sijui kusoma. Umenicheka kwa hilo tangu mwalimu wa kisomo aliponikuta nimejificha bandani." Aligeuka akamtafuta Nusaiba kwa macho. "Binti, njoo unisomee nilichosema."

Nusaiba alikuja na kitabu, akasoma. Alikuwa na sauti nzuri ya darasani. Alipofika kwenye upishi wa nazi wazee wawili walianza kutikisika mabega, na alipofika kwenye "mnyenyekevu" mmoja wao alitoka nje kabisa. Mwishehe alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kasema hayo?"

"Ni wewe, mzee."

"Mie nimwite huyu mpole? Nilikuwa na homa?"

"Tulihariri kidogo tu, mzee wangu," Edgar alidakia. "Kwa ajili ya wasomaji."

"Si yeye, ni mimi," alisema Nusaiba. Hakurudi nyuma. "Edgar alisema tuondoe matusi. Maneno mengine yote ni yangu. Nilitaka watu wakiwasoma wawaheshimu."

Bibi Mauwa alimgeukia. Dharau aliyokuwa nayo kwa ukumbi mzima, kwa vitambaa na utepe na vikombe, ilimjia yote mdomoni. Lakini alipofungua kinywa ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimeanza kulegea kifuani mwake.

"Mwanangu, umemfua mtani wangu mpaka akatoka rangi," alisema. "Sasa nani atamvaa?"

"Daftari ninalo, bibi."

"Lisome."

Edgar alitikisa kichwa. Mgeni rasmi aliangalia saa yake. Nusaiba aliwatazama wote wawili, akafungua mkoba, akatoa daftari lenye jalada gumu, akasoma. Alianza kama mtangazaji wa taarifa ya habari, kila neno limenyooshwa pasi. Lakini maneno yenyewe hayakukubali, yakamvuta, na alipofika kwenye "mbegu yenu huiva lini" alikuwa anasoma kwa lafudhi ya Mwishehe bila kujijua. Akasoma nazi, akasoma ngazi, akasoma shehe. Akasoma kaburi, jogoo, na mtoto wa miaka tisa anayeanguka uani. Bibi Mauwa hakumtazama msomaji. Alimtazama mwanawe katika mstari wa pili. Abdulrahman alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama mikono yake.

"Tunashukuru sana kwa kionjo hicho," alisema Edgar, akimkaribisha mgeni rasmi kwa mkasi. "Sasa tuzindue kitabu chetu."

Ndipo Mwishehe alipokwenda mbele, akashika goti, akashika kiuno, akaketi juu ya boksi la vitabu. Kisha, kwa kuwa kukaa hakukumtosha, alijilaza chali juu yake, miguu ikiwa mkekani na mikono kifuani. Boksi lilibonyea. Utepe ulipotea chini ya kanzu.

"Mzee," Edgar alinong'ona, "tafadhali amka."

"Pamoto vizuri."

"Mzee Mwishehe, mgeni rasmi anasubiri."

"Na yeye alale. Nafasi ipo." Alivua kofia, akajifunika uso. "Mmemzika mtani wangu humu, akiwa hai, bila kuniambia. Sitoki mpaka jogoo."

Kukawa na kicheko, kisha kicheko kikaisha kwa sababu Mwishehe hakuamka. Edgar alisema pamoja na heshima zote ofisi ya kata haina jogoo. Alipendekeza fulana ya mradi. Mwishehe aliivuta kofia chini zaidi. Mgeni rasmi alishauri kwamba utaratibu ufuatwe, na alipoulizwa na mmoja wa wazee ni upi, hakujua.

Bibi Mauwa alimwona Abdulrahman akisimama, akifunga kifungo cha koti, akipita kati ya viti bila kumwangalia mtu, akitoka nje. Alisikia mlango wa gari? Hakusikia. Alijiambia kwamba mwanawe amekwenda kuipasua ardhi mwenyewe. Basi na iwe. Yule Mzaramo hakuwa amemtua. Hilo tayari amelijua, na kama mwanawe ataona aibu mpaka siku ya siku, angalau kaburini kutakuwa na ugomvi, jambo ambalo ni afadhali kuliko poleni.

Robo saa ilipita. Edgar aliwaomba watu waendelee kunywa chai, na hakuna aliyeendelea.

Abdulrahman alirudi akiwa anahema. Alimshika jogoo kwa mbawa, mbali na mwili wake, kama mtu anavyoshika waya asiojua kama una umeme. Na jogoo, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa na maisha yake katika uga wa nyumba ya jirani, alikuwa amekwisha kumchafua bega la suti na kumwachia unyoya kwenye nywele. Alipita mbele ya mgeni rasmi bila kusalimu. Alisimama juu ya Mwishehe.

"Mzee, jogoo huyu hapa."

Mwishehe alisogeza kofia kwa kidole. "Huyu ni jogoo au njiwa?"

"Ndiye aliyepatikana."

"Umemkimbiza?"

"Nimemkimbiza."

"Umeanguka?"

Abdulrahman alikunja mguu kidogo kuonyesha goti la suruali. Nyuma yake wazee kumi na mmoja walipiga makofi kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze.

"Huyu ni wa leo," alisema Bibi Mauwa kutoka kitini kwake. "Wa siku yenyewe atakuwa mwingine. Umesikia, Abdulrahman?"

Mwanawe alikuwa akijifuta bega, anazidi kulichafua. "Nimesikia, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuisema kwa sauti ya chini. "Nitafuga kabisa."

Ilihitaji watu wawili kumwinua Mwishehe. Boksi lilibaki na umbo la mgongo wake, na vitabu vya juu vilikuwa vimekunjika kiasi kwamba mgeni rasmi alipokata utepe hakuna aliyetaka kupigwa naye picha. Nusaiba hakuangalia. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kalamu mkononi, anaandika jogoo.

Mwishehe alivuta kiti mpaka kwa Bibi Mauwa, jogoo akiwa kwapani. Kikombe kilikuwa wazi. Alikichukua, akanywa nusu, akakunja uso wote.

"Siku yako wakinipa maji haya, Mnyamwezi, silali kaburini. Naondoka na jeneza."

"Na huo mgongo?" alisema Bibi Mauwa, akimnyang'anya kikombe. "Utafika wapi, hata pale makaburini pa kugeuzia gari hufiki."